Kamera ya dashibodi ilivyoniua betri, na namna nilivyoiunga upya kwenye umeme wa gari (uzi mrefu)

#1 – Mwenye uzi

Wakuu, habari za jioni.

Jumatatu moja, saa kumi na moja na nusu alfajiri, hapa Tabata, nimewahi ili niipite Buguruni kabla foleni haijakaza. Nabonyeza rimoti, kimya. Natia ufunguo, taa za dashibodi zinawaka kwa unyonge, stata inagonga tak-tak-tak basi. Gari lilikuwa limelala tangu Ijumaa jioni. Betri ina miezi minne tu. Jirani akanibusti, nikaenda. Wikiendi iliyofuata sikutoka tena, na Jumatatu yake ikawa yale yale.

Chanzo kilikuwa kamera ya dashibodi. Nilitaka irekodi hata gari likiwa limepakiwa, maana kabla ya hapo niliwahi kuacha gari Kariakoo, nikarudi nikakuta saitimira ya kushoto haipo na hakuna aliyeona kitu. Fundi akachuna waya mmoja nyuma ya redio, akauviringishia waya wa kamera, akazungusha solotepu nyeusi, robo saa kazi imekwisha. Waya alioukamata ni ule wenye umeme muda wote, ufunguo uwepo au usiwepo. Fyuzi hakuweka. Kifaa cha kukata umeme betri ikishuka hakuweka. Aliniuliza, "Unataka iwake muda wote?" nikajibu ndiyo, akanipa nilichoomba. Kosa letu lilikuwa la watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kamera ya lenzi moja inakula takribani wati 4. Gawa kwa volti 12 unapata ampea 0.33 hivi. Kidogo sana, taa ya kuegeshea inazidi. Lakini Ijumaa saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri ni saa 59 na nusu. Zidisha: karibu ampea-saa 20. Betri yangu ni ya ampea-saa 35. Zaidi ya nusu imekwenda, na hapo sijahesabu alamu, saa na kompyuta ya gari, navyo vinakunywa polepole usiku kucha. Mwenye kamera mbili, ya mbele na ya nyuma, ahesabu wati 6 au zaidi.

Na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, izungushe stata, kisha alteneta irudishe. Ukiikamua mpaka chini mara kadhaa, sahani za ndani zinashika chumvi ya salfa na uwezo haurudi tena kama mwanzo, hata uichaji siku mbili. Ndiyo maana yangu ya miezi minne sasa inafanya kazi kama ya miaka mitatu. Linaniuma hilo kuliko saitimira.

Shika namba hizi, zipimwe gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 kwenda juu, betri imejaa. 12.4, imebaki kama robo tatu. 12.2, nusu. 12.0, robo. Ikifika 11.8 ihesabu imekwisha.

Sasa nilivyorekebisha.

Nilinunua kifaa cha kuunganishia cha kamera yenyewe. Ni kiboksi kidogo kinachoshusha volti 12 au 24 za gari kuwa volti 5 za kamera, na kinatoa nyaya tatu: mmoja wa umeme wa muda wote, mmoja wa umeme unaokuja ufunguo ukiwa ACC (pale redio inapowaka kabla ya injini), na mmoja wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Usiamini rangi! Kampuni moja wa njano ndio wa muda wote, nyingine wa njano ndio wa ACC. Soma maandishi kwenye waya au kwenye karatasi. Ukizibadilisha, kamera itazimika ukitoa ufunguo, na ulinzi wa gari likiwa limepakiwa hautakuwepo.

Humo ndani ndimo kuna kitu fundi wangu alichokikosa: kinapima volti za betri na kukata umeme zikifika kiwango ulichochagua. Vingi vina chaguo kama 11.8, 12.0, 12.2 na 12.4. Mimi nimeweka 12.2. Mwenye betri ya zamani aweke 12.4 na akubali kwamba kamera italala mapema. Hiyo 11.8 siielewi iliwekwa kwa ajili ya nani, maana ikifika hapo gari haliwaki.

Kuchukua umeme sikuchuna waya hata mmoja. Kuna kipachiko cha fyuzi chenye mkia wa waya: unachomoa fyuzi ya gari, unachomeka kipachiko mahali pake, kisha fyuzi ile unairudisha juu ya kipachiko, na pembeni yake kuna nafasi ya fyuzi ya pili kwa ajili ya kamera. Ya kamera iwe ampea 2 au 3, inatosha kabisa. Nenda dukani na fyuzi yako mkononi, kwa sababu ukubwa unatofautiana na kipachiko cha fyuzi kubwa hakiingii kwenye tundu la ndogo.

Fyuzi gani? Kwenye Toyota nyingi, zilizoandikwa CIG, ACC au P/OUTLET hufuata ufunguo. DOME au ECU-B huwa na umeme muda wote. Hata hivyo usiende kwa maandishi peke yake, pima kwa taa ya kupimia au mita, ufunguo ukiwa nje, kisha ukiwa ACC. Na zilizoandikwa SRS, AIRBAG, ABS, EPS au EFI usiziguse. Kamera haina sababu ya kukaa nyumba moja na breki au usukani.

Kipachiko kina upande. Tundu la fyuzi lina mdomo mmoja unaoleta umeme kutoka betri na mwingine unaoupeleka kwenye taa au redio. Ukikigeuza vibaya, mzigo wa kamera unapita kwenye fyuzi ya gari kwanza, nayo inabeba isichopangiwa. Jaribio ni rahisi: weka kipachiko kikiwa na fyuzi ya kamera tu, ile ya gari iache mezani. Kamera ikipata umeme, umepatia. Isipopata, kigeuze.

Waya wa hasi nimeufunga kwenye bolti ya namba 10 inayoingia kwenye bati tupu la bodi. Nilipiga msasa kidogo, kwa kuwa rangi haipitishi umeme. Bolti inayoshika plastiki haifai.

Kebo nimeipandisha kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Kama nguzo yako ina eabegi, kebo ipite NYUMA ya mfuko, isikatize mbele yake. Eabegi ikifumuka inakuja kwa kishindo, na chochote kilicho mbele yake kinakuja nayo usoni mwako.

Jambo la mwisho limenigharimu, na wenye magari yaliyotoka Japani na redio zake wasome mara mbili. Nilipochomoa fyuzi ya DOME, redio ilipoteza kumbukumbu. Ilipowaka ikaanza kudai kodi, yaani namba ya siri ya kuifungua, kwa maandishi ya Kijapani. Mpaka leo haijafunguka. Kwenye gari langu ile fyuzi ndiyo inayotunza kumbukumbu ya redio, na ukitoa terminali ya betri matokeo ni yale yale. Kabla hujagusa, jua kama una kodi au ile memori kadi ya ramani iliyokuja na gari. Kama huna, tafuta tundu tupu la fyuzi lenye umeme wa muda wote, mengi yapo.

Karibuni, wenye uzoefu mniongezee.

#2

Mkuu, ubarikiwe. Swali la mtu asiyejua umeme: kwani nikichomeka kwenye tundu la laita kama zamani kuna ubaya gani?

#3 – Mwenye uzi

Hakuna ubaya wowote mkuu. Kama unataka irekodi ukiwa barabarani tu, laita inatosha, na kwenye magari mengi ya Kijapani inakata ukitoa ufunguo. Hakikisha lako linakata, maana yapo magari, hasa ya Ulaya, ambayo tundu hilo linabaki na umeme. Haya yote niliyoandika ni kwa anayetaka kamera ilinde gari likiwa limepakiwa, au anayechoshwa na waya unaoning'inia mbele ya gia.

Na kama gari lako linatoka mara moja kwa wiki, usiunge umeme wa muda wote kabisa. Kikata umeme kitailinda betri isife, lakini kila wiki itakaa siku nyingi ikiwa nusu, na hilo nalo linaichakaza.

#4

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Ilala mwaka wa kumi na sita huu. Uzi umenigusa kwa hiyo niseme.

Kaka, umeandika vizuri ila umetulaumu mafundi kwa kuchuna waya. Kuchuna si dhambi. Waya ukichunwa vizuri, ukalehemiwa kwa risasi na kufunikwa na mpira unaosinyaa kwa moto, unakaa kuliko hata hicho kipachiko. Dhambi ni kuacha fyuzi. Watu wanadhani fyuzi inalinda kamera. Fyuzi inalinda WAYA. Waya mwembamba wa kamera ukisuguliwa na ukingo wa bati mpaka ukagusa bodi, betri inatoa umeme mwingi mno kwa mara moja, waya unakuwa mwekundu kama wa pasi, na umeupitisha chini ya zulia na pembeni ya sponji. Magari niliyoyaona yameungua ndani ya dashibodi, chanzo kilikuwa redio, taa za urembo na alamu zilizofungwa namna hiyo.

Kwa hiyo fyuzi ikae karibu na pale umeme unapoanzia. Nimeona mtu ameiweka mwishoni, karibu na kamera. Hapo waya wote wa nyuma hauna mlinzi.

La pili, plagi za rangi ya njano chini ya usukani na kwenye nguzo ni za eabegi. Usipime kwa taa, usichomoe, usitoboe waya wake. Kama kazi inakulazimu uende huko, toa terminali ya hasi na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo unahifadhi umeme wake kwa muda. Redio ikijifunga ni afadhali kuliko eabegi ikufumukie mkononi.

La tatu, wateja wa Mbezi Beach, Kunduchi na Kigamboni: hewa ya chumvi inakula bolti ya hasi. Paka grisi ukishafunga. Kamera inayozimika na kuwaka yenyewe kwenye matuta, asilimia kubwa ya zinazokuja kwangu ni hasi iliyolegea au iliyoshika kutu.

#5 – Mwenye uzi

Fundi, nimekubali. Hilo la fyuzi kulinda waya sikuwa nimelifikiria hivyo, na nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi: yangu ipo mwanzoni. Asante sana.

#6

Naomba kuuliza kwa fundi. Nina Coaster ya abiria, umeme wake volti 24, betri mbili. Nataka kamera ya mbele na ya ndani ya mlango, kwa sababu bajaji zinaingia ubavuni halafu maneno yanakuwa mengi. Kijana mmoja ameniambia achukue volti 12 kwenye betri moja tu ili kamera isiungue. Ni sawa?

#7

Fundi hapa. Mzee wangu, mkatalie. Hizo betri mbili zimefungwa mfululizo, zinachajiwa kama kitu kimoja cha volti 24. Ukikamua moja peke yake, yenyewe itabaki chini kila siku na mwenzake atazidishiwa chaji mpaka achemke. Baada ya miezi unanunua zote mbili. Ndivyo redio za volti 12 zilivyoua betri za Coaster na Canter nyingi hapa mjini.

Nunua kifaa kilichoandikwa kinapokea volti 12 mpaka 24, unganisha kwenye fyuzi za gari kama kawaida, kiwango cha kukata kiwe juu ya 24. Volti 12.2 kwa gari dogo ni 24.4 kwako. Vifaa vingi vinajitambua vyenyewe, ila soma kabla ya kulipa. Na wewe unalaza gari yadi yenye mlinzi, sioni haja ya umeme wa muda wote. ACC inakutosha.

#8

Kaka mwenye uzi, habari. Mimi ni dada wa Mbezi, nimefunga mwenyewe wiki iliyopita kwa kufuata video za mtandaoni na nimejitahidi. Nina matatizo mawili. La kwanza, redio ya FM imeanza kuvuma tangu nifunge, nikichomoa kamera inakuwa safi. La pili, gari likizimwa kamera inaendelea kurekodi kama kawaida, haiingii kwenye ule mtindo wa kuegesha unaokula umeme kidogo. Kifaa nilichonunua si cha kampuni ya kamera, ni cha kawaida chenye plagi inayofanana.

#9 – Mwenye uzi

Hongera dada, kazi hiyo wanaume wengi tumeikimbia.

La redio: kile kiboksi cha kushusha volti kinafanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme mara maelfu mengi kwa sekunde, na cha bei ya chini hakina kinga nzuri, kwa hiyo kinatoa mawimbi ambayo redio inayasikia. Kisogeze mbali na waya wa antena, upande wa pili wa dashibodi ikiwezekana. Ukipata lile pingu jeusi la sumaku linalobana kebo, kama uvimbe unaouona kwenye waya za kompyuta, libane karibu na kiboksi. Isipotulia, badilisha kiboksi.

La pili ndilo kubwa. Kamera inajua umezima gari kwa kupata taarifa kutoka kwenye waya wa ACC, na taarifa hiyo inapita kwenye pini ya ziada ndani ya plagi. Kifaa cha kawaida kinapeleka volti 5 tu, taarifa hakuna, hata kama plagi inaingia vizuri. Hapo utahitaji kifaa cha kampuni ileile iliyotengeneza kamera. Kwa sasa uchomoe ukifika nyumbani, maana inakula umeme kamili usiku kucha na sijui kama hicho chako kinakata.

#10

Niongeze upande wa ushahidi, ndiyo kazi yangu.

Wekeni saa ya kamera sawasawa, ukanda wa GMT+3, tarehe sahihi. Kamera isiyo na GPS ikikosa umeme muda mrefu hurudi tarehe ya kiwandani, na video ya ajali ya juzi inasoma mwaka mwingine. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake unategemea namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Saa mbovu unampa wakili wa upande wa pili pa kushika.

Ikitokea ajali, toa memori kadi mapema. Kamera hurekodi kwa vipande vya dakika chache na kadi ikijaa inafuta vya zamani. Wengi wanaendelea kuendesha siku tatu kisha wanatafuta video haipo. Nakili faili zima kama lilivyo. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na namba za gari hazisomeki.

Na msirushe sura za watu mitandaoni kwa hasira. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Video ipelekwe polisi na kwenye bima. Kama unabeba abiria na kamera inarekodi sauti, wajulishe au zima sauti.

#11

Jua la Dar jamani msilisahau. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na kibetri cha lithiamu ndani, ikavimba mpaka kioo chake kikainuka, gari linashinda juani Posta mchana kutwa. Ya sasa inatumia kapasita badala ya betri, inavumilia joto. Memori kadi nayo iwe ya aina ya uvumilivu, inayotengenezwa kwa ajili ya kamera za kurekodi mfululizo. Ya simu inakufa kimyakimya, unadhani unarekodi kumbe hakuna kitu. Mimi naifomati kila mwezi.

#12

Kwa mwenye uzi: kamera inayowaka taa usiku haiwaiti vibaka? Mtaani kwetu wanavunja kioo kwa chochote kinachong'aa.

#13 – Mwenye uzi

Inawaita mkuu, ndiyo. Nimezima skrini na kile kitaa chake kwenye mipangilio, na nimeipachika nyuma ya kioo cha kati, mtu akiwa nje haioni mpaka asogeze uso kwenye kioo. Nikienda sehemu nisiyoiamini naichomoa kwenye kishikio. Kebo ikibaki peke yake haina thamani kwa mwizi.

#14 – Mwenye uzi

Wakuu, nimerudi na vipimo. Tangu nifunge upya nimekuwa napima kila alfajiri kabla ya kuwasha. Siku za kazi inasoma kati ya 12.3 na 12.4. Wikiendi hii nimefanya makusudi, gari limelala tena Ijumaa mpaka Jumatatu. Video ya mwisho kwenye kadi ni ya Jumamosi saa sita usiku, hapo kifaa kilikata. Leo alfajiri mita imesoma 12.2 na gari limewaka kwa mara moja.

Betri hii imeshachoka, ningekuwa na nzima ingefika Jumapili. Mwisho wa mwezi nikibadilisha nitapima tena niwaletee.

Redio bado inadai kodi. Kuna aliyefanikiwa kuifungua bila ile kadi ya ramani?

#15

Fundi wa Ilala tena. Usinunue kodi ovyo mtandaoni. Ikiwa inakuonyesha namba ndefu ya ERC kwenye kioo, ipige picha na uje nayo Jumamosi asubuhi, tuangalie. Na uje na hiyo mita yako, niipime alteneta kabla hujatupa pesa kwenye betri mpya. Injini ikiwa inawaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4. Kama iko chini ya hapo, kamera tumeisingizia nusu ya kesi.